Sanduku la Kutunzia Usingizi wa Atoy

Wifi yangu Gliceria, ambaye mtaa wetu mzima wa Molo unamwita Seriang, hajawahi kuacha kitu kikae uchi sebuleni kwake. Televisheni ina kitambaa chake cha kufuma, redio ina chake, na simu ya mezani iliyokatwa miaka kumi iliyopita bado inavaa cha kwake, tena kinafuliwa kila Jumamosi. Hata rimoti aliifumia kifuko. Alipoolewa na mdogo wangu Atoy, mwaka 1976, nilimwambia kwa mdomo wangu huu, "Wifi, nyumba hii ina baridi gani hata viti vivae sweta?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye kulabu yake ya kufumia, akiniita dada mkubwa kama ilivyo desturi yetu, "Manang Pasya, kwenu mlizoea vumbi." Nikajua hapo hapo kwamba tutapatana.

Tumepatana miaka arobaini na zaidi, nyumba kwa nyumba, katikati yetu kichochoro cha kupita mtu mmoja na ndoo yake. Yeye alikuwa mshona sare. Watoto wa Molo waliosoma kuanzia mwaka 1978 hadi macho yake yalipoanza kumchosha, nusu yao walivaa mkono wake. Mimi niliuza supu ya tambi asubuhi na samaki wa kuokwa jioni. Wanaume wetu walikwenda mbali, kama wanaume wote wa hapa. Wangu alikwenda baharini akarudi. Wake alikwenda Jedda mwaka 1980, fundi wa viyoyozi katika jengo la ghorofa kumi na mbili, akaja likizo mara mbili tu, na mwaka 1987 moyo wake ulisimama akiwa kazini. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Alirudi ndani ya sanduku lililozibwa kwa madini ya risasi, na tukaambiwa tusilifungue. Seriang hajapata kuuona uso wake tena, wala mimi.

Lakini sauti yake alikuwa nayo, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuisimulia.

Atoy hakuwa mtu wa kalamu. Barua zake zilikuwa kama karatasi ya kutumwa dukani: nimefika, nimekula, wasalimie. Kwa hiyo alituma kaseti, kama walivyofanya wenzake wote wa Uarabuni miaka ile. Mtu akija likizo, alibeba kaseti za rafiki zake kumi ndani ya soksi, na siku ya kuzigawa mtaa mzima ulikuwa na nyuso za Krismasi. Upande wa kwanza wa kaseti ulikuwa wa watu wote. Tulikusanyika sebuleni kwa Seriang, tukapewa kahawa, tukamsikiliza Atoy akitutaja mmoja mmoja, na aliyesahauliwa alinuna wiki nzima. Upande wa pili ulikuwa wa mke. Hakuna aliyeliandika hilo popote, lakini kila mtu alilijua. Mwenye nyumba akishainua kaseti na kuigeuza, wageni wanachukua sandali zao mlangoni na kuaga. Mimi nami niliaga. Dada wa kuzaliwa naye, niliyembeba mgongoni, niliaga kama jirani, kwa sababu ndivyo ilivyo heshima.

Ya ishirini na saba kati ya kaseti hizo ilikuja mwaka 1983. Siku ya pili yake Seriang alinichungulia dirishani akicheka hadi machozi. "Mdogo wako amenitumia usingizi," akasema. Atoy alikuwa ametoka zamu ya usiku, akakaa kitandani kumrekodia mkewe. Kiyoyozi cha chumba kile kilikuwa kibovu, kinanguruma kama gari bovu, na yeye hakutaka Seriang asikie ngurumo. Akakizima, katika joto la Jedda. Akaongea kuhusu bati la jikoni linalovuja, maneno yakapungua, yakakatika, akalala na redio ikiendelea kurekodi. Dakika ishirini na mbili za pumzi, mpaka kaseti yenyewe ilipojifunga.

Mwaka ule ilikuwa kichekesho. Baada ya 1987 haikuwa kichekesho tena. Kila siku, saa saba mchana, wakati mtaa umeshiba na kujilaza, Seriang aliifunga cherehani, akajinyosha kwenye kile kiti chake kirefu cha mianzi, akaweka upande wa pili wa kaseti ya ishirini na saba. Hakutaka kuongeleshwa. Wateja wa sare walijua wasibishe hodi. Mjane mwenzake mmoja aliwahi kumuuliza mbona haolewi tena, akajibu, "Na mume wangu nimpeleke wapi, naye kalala?"

Kaseti ni kitu cha kuliwa na ukungu. Binti yake Jocelle, kabla hajaenda Milano kutunza wazee wa watu, alizikusanya zote akazipeleka kwa fundi wa mjini azitie kwenye kompyuta. Mbili zilikuwa zimeoza. Thelathini na tisa zilipona, na ya ishirini na saba ilikuwamo. Akamwekea mama yake kwenye kijiti cha flashi cha kuchomeka kwenye televisheni. Seriang akakifua pamoja na aproni. Akaletewa cha pili, nacho kikagoma chenyewe msimu wa mvua. Zikabaki nakala zilizokuwa kwenye kompyuta ya Jocelle kule ng'ambo, na miezi mitano mizima sebule ya Seriang ikakosa usingizi wa Atoy. Alikonda. Nilimpelekea supu akaila nusu, na wifi yangu hajazaliwa kuacha supu yangu nusu.

Ndipo watoto walipokata shauri. Jocelle na kaka yake Renante, yule wa Kanada, walisema vijiti basi. Inunuliwe seva ndogo ya nyumbani, sanduku lenye diski mbili, moja ikifa nyingine ina nakala. Ndani yake ziwekwe kaseti zote za baba, picha zote, video za ubatizo, za harusi, za kila siku ya kuzaliwa tangu Renante aliponunua kamera. Sanduku liungwe kwenye intaneti ya nyumba, mama aone kwenye televisheni akiwa sebuleni, nao waone huko waliko. Fedha wakatuma. Kuchagua wakamwachia mama, kwa kuwa yeye ndiye atakayeishi nalo.

"Linanguruma?" Seriang aliuliza kwenye simu.

"Ma, ni kitu kidogo, kama kopo la biskuti."

"Sijauliza ukubwa. Nimeuliza linanguruma?"

Jocelle hakujua. Basi tukavaa viatu vya kanisani, mimi na yeye, tukaenda mjini kwa Lourdes Uy, mwenye duka la kompyuta, mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Akatupangia masanduku matatu juu ya kaunta kama mtu anayeuza mikate.

"Hili linatoa desibeli kumi na tisa tu, Mama," akasema.

"Kumi na tisa za nini?"

"Za sauti."

"Mwanangu, mimi sikuja kununua sauti. Nataka kimya. Liwashe."

Lourdes akaliwasha. Seriang akainamisha sikio. Akainuka. "Zima hicho kiyoyozi chako."

"Mama, wateja watayeyuka."

"Mume wangu aliyeyuka Jedda na hakulalamika. Kizime."

Kikazimwa. Akawageukia watu watano waliokuwa dukani, akaweka kidole mdomoni kama mwalimu wa darasa la kwanza, na nyinyi mnaosoma hapa mtashangaa, walinyamaza. Mmoja alikuwa katikati ya kufungua pakiti ya bisi, akabaki ameishika hivyo hivyo. Jasho likitutiririka, Seriang akalaza shavu lake juu ya kaunta, sikio kwenye bati la sanduku, macho amefumba. Niliona aibu. Nikajifanya natazama bei za waya.

Lourdes ana subira ya watu wa biashara. Alitueleza kwa vidole. Kelele ni mbili, akasema. Kuna feni, na feni kubwa huzunguka polepole ikawa pole, bali ndogo hukimbia ikapiga kelele. Kuna na diski, ambayo ndani yake ni kama santuri, ina sahani inayozunguka na mkono unaorukaruka kutafuta wimbo, ndiyo ile tik, tik. Sanduku la bati huimba na diski zake. La plastiki nene hunyamaza kidogo. Kisha akasukuma mbele lile la tatu, dogo, lisilo na chochote cha kuzunguka.

Seriang akaweka sikio. Akakaa. Akakaa sana mpaka mtu wa bisi akakohoa.

"Hili," akasema. "Hili limekufa kabisa. Hili ndilo."

"Ila Mama, kwa fedha zenu hili linabeba robo tu ya yale mengine."

Tukampigia Jocelle pale pale. "Ma, halitatosha," akasema. "Harusi ya Renante peke yake..."

"Harusi ya Renante ina saa ngapi?"

"Sita."

"Na ndoa yenyewe ilidumu miaka mingapi?"

"Ma!"

"Naulizia tu nafasi, mwanangu."

Jocelle akasema kitu ambacho hata mimi kilinichoma. "Ma, wewe una sauti ya Papa. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Hizo siku za kuzaliwa, wewe ukikata keki, na bibi, Lola wetu, akiwa hai nyuma yako, ndizo zangu. Ukichukua hilo dogo, zangu ndizo zitakazobaki nje."

Basi Seriang akachukua la plastiki jeusi lenye feni pana. Lourdes akaweka diski alizosema ni za mwendo wa taratibu, akatupa wiki mbili za kulijaribu.

Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Lilikaa kwenye kabati la mbao, chini ya televisheni, taa yake ya buluu inapepesa. Tuliona mambo tuliyoyasahau. Nilijiona mwaka 1996 nikicheza dansi na nguruwe wa kuokwa nyuma yangu, kiuno kikiwa bado kiuno. Majirani walikuja, wakacheka, wakala. Lakini saa saba ilipofika, pikipiki za abiria zikapumzika, mbwa wakalala, Seriang akatufukuza wote. Nilikuwa kichochoroni naanika nguo nilipomsikia anaita.

"Manang! Njoo usikie!"

Nikaja mpaka mlangoni tu. Sebule ilikuwa na mvumo, mwembamba, kama mtu anayeimba amefunga mdomo.

"Mimi sisikii kitu," nikasema. Nilisikia, lakini nilitaka kwenda kuanika nguo.

"Linatafuna pumzi zake," akasema. "Atoy akivuta, lenyewe linasema tik."

"Pandisha sauti."

"Nikipandisha napandisha na mchanga wa kaseti, huu mkwaruzo wake. Yeye yuko chini ya mchanga."

"Basi vaa vile vya masikioni vya kusikilizia muziki."

Akanitazama kama nimemtukana. "Mdogo wako hakulala ndani ya sikio langu. Alilala hapa, sebuleni."

Alijua dawa moja tu ya kitu kinachomsumbua sebuleni, nayo ni kukivisha. Siku mbili alikaa na kulabu yake. Akalifumia lile sanduku gauni la uzi mweupe, na maua pembeni na kitundu kidogo cha taa ya buluu kuchungulia, akalivuta mpaka chini likabana vizuri. Kwa saa moja kweli lilinyamaza. Akaniita nije nione. "Umeona? Lilikuwa linaona aibu tu." Kabla sijamaliza kulisifu, likaanza kuhema, likapandisha, likanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, taa ikageuka ya rangi ya chungwa. Seriang akapiga ishara ya msalaba. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nakiri.

Lourdes alikuja mwenyewe kwa pikipiki. Akaweka kiganja juu ya gauni, akakitoa haraka. "Mama Seriang," akasema, "umemvisha sweta mtu mwenye homa." Akalivua taratibu, akalikunja kwa heshima akampa mwenyewe. "Sanduku hili linapumua, Mama. Ukiliziba litapiga kelele, na siku moja litakufa na kaseti zako zote."

Nilimwona wifi yangu akibadilika uso aliposikia hilo neno, kupumua.

Wakajaribu mengine. Lourdes akaliwekea chini jozi ya kandambili za mpira ili kabati la mbao lisiitikie, na mvumo ukapungua nusu. Akalifundisha kulala lisipotumiwa. Lakini kaseti ikianza kupigwa lazima diski ziamke, na zikiamka tik yake ipo. Tukalipeleka chumbani kwa Seriang: ukuta wa chumba kile ni mbao nyembamba, ukapitisha mvumo wote kama hakuna ukuta. Jikoni kuna mvuke na mafuta. Siku ya kumi na mbili nilimkuta amelitia kwenye boksi lake, anafunga kamba.

"Narudisha," akasema. "Nachukua lile dogo."

"Na Jocelle?"

Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Mwanamke aliyeshona vifungo elfu kumi, fundo moja lilimshinda. "Alizima kiyoyozi," akasema mwishowe. "Joto lile, Manang. Alikizima ili nimsikie vizuri. Leo mimi nimwekee mashine juu yake? Lakini mtoto naye alinililia kwenye simu jana. Nifanyeje?"

Watu husema mimi ni mwanamke wa kiburi, na sibishani nao. Sikutoa shauri lile kwa wema. Nilikuwa nimechoka kuona supu inaachwa nusu.

"Lete kwangu," nikasema.

"Nini?"

"Hilo kopo lako. Intaneti inapita kwenye waya, si ndivyo alivyosema yule mwanamke? Waya hauwezi kuvuka kichochoro? Lingurume kwangu. Marehemu mume wangu alinikoromea miaka thelathini na moja, sembuse hilo."

Akanitazama sana. "Halina hata nguo," akasema.

"Ndiyo maana litastarehe kwangu."

Lourdes akaja na waya mrefu, akatoboa fremu ya dirisha la Seriang akaupitisha, ukavuka kichochoro juu ya kamba zangu za nguo, ukaingia kwangu. Sanduku likakaa juu ya rafu ya vyombo, mbali na jiko, na kandambili zake chini. Saa saba mchana Seriang akafunga mlango wake. Jioni alinirudishia bakuli la supu tupu, limeoshwa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuishi na kumbukumbu za nyumba ya watu. Nilizoea haraka. Sanduku lilikuwa na tabia zake. Asubuhi lilikuwa kimya. Saa nane usiku kule Kanada Renante akikosa usingizi akatazama harusi yake, huku ni alasiri, naye huziamsha diski, krr, krr, nikajua mtoto ana huzuni, nikamwombea. Jumapili alikuwa Jocelle. Na kila siku saa saba, mwiko ukiwa mkononi, nilisikia diski zikishtuka, mvumo unapanda, tik, tik, nikajua ng'ambo ya kichochoro mdogo wangu amejilaza. Nilikaa. Sikuwa nasikia chochote cha kwake, ila sanduku tu. Lakini nilipunguza moto chini ya chungu, na wateja wakija wakati ule niliwaambia samaki bado.

Ilikuwa hivyo tangu Juni. Wiki moja baada ya Siku ya Marehemu, mwanzoni mwa Novemba, tulipokuwa tumeshasafisha kaburi na kula pale pale kama kawaida, saa saba ilifika na sanduku halikuamka. Nikasema labda amechoka. Siku ya pili halikuamka. Siku ya tatu nililigusa nisije kuwa nimelivuta waya. Lilikuwa na uzima wake, taa ya buluu ipo. Siku ya nne nikaacha samaki, nikavuka.

Alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha mianzi. Rimoti ilikuwa pajani, imetolewa kwenye kifuko chake. Televisheni ilionyesha orodha ya kaseti, na namba ishirini na saba imewekewa alama, haijabonyezwa.

"Mmegombana?" nikamuuliza.

"Na nani?"

"Na mdogo wangu. Siku nne hujamwamsha."

"Umejuaje?"

"Nalala na sanduku, nisijue?"

Hakucheka. Alipapasa kitambaa cha mkono wa kiti kama anatafuta uzi uliofumuka. "Simsikii, Manang."

"Kelele gani tena? Sanduku liko kwangu."

"Kelele hakuna. Zimekwisha. Na yeye amekwisha nazo." Alisema polepole, bila kilio, kama mtu anayesoma vipimo vya sare. "Mwanzoni nilipoteza mwisho wa pumzi, pale anapoiachia. Nikadhani ni sanduku. Likaenda kwako, nikampata tena, kidogo. Mwezi wa nane nikapoteza na mwanzo. Sasa nasikia anaongea kuhusu bati, kisha ananyamaza, basi. Nakaa dakika ishirini na mbili na mchanga."

"Umekwenda kwa daktari?"

"Nimekwenda. Amesema masikio huacha kwanza sauti nyembamba. Akanivalisha kile kidude cha kusikilizia. Kimenirudishia mchanga wote, na jogoo wa jirani yetu Aling Tasing, na kijiko chako ukikoroga. Yeye hakikumrudisha."

Nilisimama pale mlangoni ninaposimama siku zote.

"Kaa," akasema.

"Wifi, huo ni upande wa pili."

"Najua ni upande gani. Kaa."

Nikavua sandali, nikaingia, nikakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Akabonyeza.

Sauti ya kijana wa miaka thelathini na mitatu ikajaa sebuleni, akimwambia mkewe bati la jikoni lishikiliwe na mawe mpaka arudi. Alimwita kwa jina ambalo sitaliandika. Nilitazama sakafu. Akasema kuna joto, akacheka, akasema maneno mawili matatu ya kuvutika, halafu hakusema tena. Ukabaki mchanga. Nilidhani kweli hakuna kitu. Kisha, chini kabisa, nikamsikia, na nikamjua kabla sijajua kwamba nimemjua, kwa sababu tulilala mkeka mmoja mpaka nilipofika miaka kumi na minne.

"Amelala?" Seriang akauliza. Alikuwa amefumba macho.

"Amelala."

"Anapumuaje?"

"Anavuta," nikasema. "Anakaa nayo kidogo. Haya, anaiachia."

"Puani au mdomoni?"

"Puani." Nikasikiliza. "Sasa mdomoni."

"Amelala chali, basi. Huyo akilala chali hufungua mdomo." Akajilaza polepole, akaweka miguu juu ya kiti, kichwa karibu na paja langu. "Endelea."

"Anavuta. Fupi. Nyingine fupi. Sasa ndefu."

"Hiyo ndefu ndiyo niliyokuwa nayo zamani," akasema. "Endelea, Manang."

Nikaendelea. Alivuta, nikasema anavuta. Aliiachia, nikasema ameiachia. Aligeuka, kitanda cha Jedda kikalia, nikasema amegeukia ukutani, akaitikia kwa kichwa. Kwa dakika ishirini na mbili nilifanya kazi ambayo sikuwahi kuifanya maishani, na pua ikanitiririka, lakini sikuruka pumzi hata moja. Kaseti ikajifunga, tak. Nilidhani amesinzia.

"Kesho uje saa saba kamili," akaniambia, macho bado amefumba. "Na usivute makamasi ovyo. Hata mimi niliyasikia. Unamfunika."